Uzi maalumu wa stovu za pampu na karabai za zamani: kuzifufua, kuziwasha na kuzitumia

Mzee wa Pampu

Wakuu, salaam.

Maswali ya stovu za zamani na karabai nimeyajibu mara nyingi huku na kule, na kila mara ni yale yale. Leo nayaweka mahali pamoja, na wenye uzoefu mje mnikosoe. Nazungumzia vyombo vinavyosukuma mafuta kwa msukumo wa ndani ya tangi: stovu za pampu za mafuta ya taa, zile ndogo za petroli za wapanda milima, na karabai. Kandili na vibatari vya utambi vina wenyewe.

Kwanza tuelewane chombo kinavyofanya kazi, la sivyo utabadilisha washa mpaka uzeeke. (Nikisema washa hapa ni kile kipete cha ngozi, mpira au risasi. Niliwahi kumwambia mtu "toa washa", akanijibu kwamba haijawaka bado, atoe nini?)

Ndani ya tangi kuna mafuta, na juu ya mafuta kuna hewa. Ukipiga pampu, hewa inabanwa na kuyasukuma mafuta yapande bomba mpaka kwenye kichwa cha stovu. Kichwa kikiwa cha moto, mafuta yanageuka mvuke kabla hayajafika kwenye nozeli. Mvuke unachomoka kwa kasi kwenye kitundu cha kama milimita 0.3, unavuta hewa ya pembeni na kuwaka mwali wa bluu usio na masizi. Moto huo huo unakipasha kichwa, kwa hiyo ikishakolea inajiendesha yenyewe. Shida ni pale mwanzo, kichwa kikiwa baridi na mafuta bado ni maji maji. Hapo ndipo inapohitajika spiriti ya kukipasha, na hapo ndipo watu wengi wanapoungua nyusi.

Aliyetuletea stovu ya namna hii ni Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm, mwaka 1892. Aliipa jina Primus, na jina likaenea mpaka watu wakawa wanaziita hivyo hata zile zilizoandikwa Optimus au Radius ubavuni. Amundsen alikuwa nazo alipofika Ncha ya Kusini Desemba 1911, na Hillary na Tenzing walikuwa nazo Everest mwaka 1953. Kule usipoyeyusha theluji huna maji ya kunywa, kwa hiyo hawakuzibeba kwa mapenzi ya shaba.

Ukitaka kujua umri wa yako, igeuze. Primus walianza kugonga herufi ya mwaka mwaka 1911 kwa herufi A, wakaendelea kwa mpangilio. Coleman wa Marekani waligonga mwezi na mwaka chini ya tangi, kwa hiyo ukiona 6 na 62, hiyo ni ya Juni 1962. Ndiyo raha ya vyombo hivi, havidanganyi umri.

Sasa kazi yenyewe. Ukiipata stovu iliyokaa kabatini miaka, mkono utakwenda kwenye kitambaa cha kung'arishia. Uzuie. Anza na pumzi.

Fungua kifuniko, mimina kilichomo, kisha nusa. Mafuta ya taa yaliyolala miaka yananuka kama rangi ya mlango na yanaacha utomvu mweusi. Suuza tangi kwa mafuta safi kidogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Lilaze likauke kabisa. Kisha funga kila kitu, funga na skrubu ya hewa (ile ndogo ya kutolea msukumo tangini), piga pampu mara kumi na kuzamisha tangi lote kwenye beseni la maji. Povu litakuonyesha panapovuja: kwenye kifuniko, kwenye shingo ya kichwa, au, Mungu aepushe, kwenye mshono wa tangi.

Pampu ikienda na kurudi bila ubishi wowote, ujue ngozi imekauka. Fungua kofia ya pampu, vuta fimbo nzima. Mwishoni utaona kikombe kidogo cha ngozi kilichosinyaa kama pilipili ya mwaka jana. Usikitupe. Kitie kwenye mafuta ya mashine usiku kucha. Asubuhi kitakuwa kimelainika. Kipanue kingo zake kwa kidole, taratibu, mpaka kikae kama kikombe na si kama kitufe. Unapokirudisha, mdomo wa kikombe uelekee chini, ndani ya pampu. Zungusha fimbo huku unaisukuma ili kingo zisijikunje. Ukisikia *fff* fupi yenye ubishi na kidole gumba kikakataliwa, umefaulu. Ngozi moja kati ya tano hivi ndiyo hunikatalia, na hiyo naikata mpya kutoka kwenye mkanda wa zamani.

Nozeli zibua kwa sindano yake tu, ule waya mwembamba uliofungwa kwenye kibati. Nimewahi kuona iliyozibuliwa kwa pini ya nguo. Kitundu kikishapanuka, mafuta yanatoka mengi kuliko hewa, mwali unakuwa wa njano na masufuria yanakuwa meusi. Hakuna dawa zaidi ya nozeli mpya.

Naishia hapa kwanza, mikono inanuka mafuta na simu inateleza.

---

kiberiti_kimoja

Naweka kambi hapa. Mkuu, hukusema lolote kuhusu washa ya risasi kwenye shingo ya kichwa. Ile ukishafungua kichwa inakuwa imeshabonyea. Watu wanairudisha ile ile, inavuja, halafu wanakaza kwa spana ndefu mpaka shingo ya tangi inajinyonga kama kitambaa. Weka mpya kila unapofungua, na tangi ulishike kwa mkono wenye kitambaa, kamwe usilibane kwenye jiliwa.

---

Mzee wa Pampu

Umenisaidia. Na kama kichwa hakivuji, usikifungue kabisa. Udadisi umeua stovu nyingi kuliko kutu.

---

Shaba Tupu

Mzee, nakuheshimu, lakini hili la "using'arishe" unalitia chumvi. Shaba njano iliyosafishwa vizuri inakuonyesha nyufa na viraka vya lehemu ambavyo uchafu unavificha. Mimi nang'arisha kwanza ndiyo najua ninashughulika na nini.

Ila nikiri kosa langu, maana limenifundisha kuliko maelezo yote. Nilipata tangi zuri, zito, maandishi yote yanasomeka. Nikalipaka dawa ya kusafishia iliyokuwa na amonia, nikaliacha usiku kucha ili uchafu ulainike. Nikalisugua, likawa kama kioo. Wiki mbili baadaye nimelijaza, nimepiga pampu, nikasikia *tik*. Ufa mwembamba kama unywele umetembea kutoka kwenye shingo kuelekea begani, na mafuta yanatoka jasho. Namshukuru Mungu sikuwa nimeshika kiberiti.

Shaba njano iliyofinyangwa kwa mashine ina mkazo ndani yake, na amonia inaufungua huo mkazo. Jambo lenyewe ni la zamani: jeshi la Uingereza kule India liliona maganda ya risasi za bunduki yanapasuka yenyewe msimu wa mvua, yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Amonia ya mikojo ndiyo iliyokuwa ikiyala.

---

Fundi Lehemu

Pole mkuu. Na asidi nayo ina adabu zake. Siki au asidi ya sitriki inatoa kutu ya kijani vizuri sana, lakini dakika, si siku. Ukilisahau tangi kwenye beseni linatoka na rangi ya waridi. Hapo zinki ya juu imeliwa na kubaki shaba nyekundu. Likitoka, lisuuze kwa maji yenye magadi kidogo, kisha maji matupu, kisha likaushe.

Kuhusu ufa: ufa wa begani haulehemiwi kwa risasi laini halafu ukapigwa pampu. Najua wapo wanaofanya hivyo. Hilo tangi liwekee maua.

---

mgeni_wa_moto

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Nimerithi stovu ya babu, ya mafuta ya taa, miguu mitatu, kichwa chenye sahani ndogo juu. Nimefuata maelezo ya ngozi, pampu ina nguvu sasa. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, nikishapiga pampu na kuachia, mkono wa pampu unapanda wenyewe polepole kama kuna jini ndani. La pili, nilipoiwasha ilitoa mwali wa njano mrefu mpaka usawa wa kifua changu. Niliifunika na blanketi nikakimbia. Nifanye nini?

---

Mzee wa Pampu

Kwanza, hukukosea kukimbia.

Jini lako lina jina. Chini kabisa ya bomba la pampu kuna kivali kidogo kinachoruhusu hewa iingie kwenye tangi lakini isirudi. Ndani yake kuna springi fupi na kidonge cha mpira au koki (lile gome jepesi la vizibo vya chupa). Kidonge kikizeeka kinakuwa kigumu, kinaacha hewa irudi nyuma, ndiyo maana mkono unapanda. Ukiendelea hivyo hivyo, mafuta nayo yatafuata, na siku moja utavuta pampu utoke na mafuta mkononi karibu na moto.

Kukitoa unahitaji bisibisi ndefu iliyochongwa mfereji katikati, ikamate masikio mawili ya vali. Tumia ya kufanana kabisa, vali ni ya shaba na masikio yanakatika. Ikigoma, weka matone ya mafuta ya kulegezea kutu, lala, jaribu kesho. Kwa kidonge kipya, kata mpira usioogopa mafuta. Mpira wa kawaida wa tairi unavimba kama mkate ndani ya mwezi. Kata duara, lisiwe nene kupita la zamani, la sivyo springi itabanwa na vali haitafunguka.

Mwali wa njano sasa. Uliweka spiriti kiasi gani, na ulisubiri mpaka lini?

---

mgeni_wa_moto

Kizibo kimoja hivi. Ilipowaka vizuri nikapiga pampu mara kumi na tano ili isizimike.

---

Mzee wa Pampu

Ndiyo hapo. Kizibo kimoja hakikipashi kichwa cha aina hiyo, na wewe ukasukuma mafuta mabichi kwenye chuma cha uvuguvugu. Yalitoka kama maji, yakawaka.

Fanya hivi, nje ya nyumba, mahali pasipo upepo. Skrubu ya hewa iwe wazi kabisa. Jaza kile kibakuli kinachozunguka shingo ya kichwa kwa spiriti mpaka karibu na ukingo. Kisha washa. Usiguse chochote. Utaona mwali wa spiriti unapanda, unakizunguka kichwa, utasikia chuma kikilia kidogo, *ti, ti*. Subiri mpaka spiriti ibaki matone tu, mwali unacheza cheza kabla ya kufa. Hapo funga skrubu ya hewa na piga pampu mara mbili. Mbili tu. Mvuke utashika moto wa mwisho wa spiriti, mwali mdogo wa bluu, unakoroma chini chini. Mpe dakika nzima. Ndipo uongeze pampu kidogo kidogo mpaka ingurume.

Ukiona njano hata kidogo, fungua skrubu ya hewa mara moja. Stovu hizi nyingi hazina kitasa cha kuzimia kichwani. Skrubu ya hewa ndiyo breki yako. Jua ilipo hata ukiwa umefumba macho.

---

Petroli Baridi

Niongeze onyo kutoka upande wetu wa petroli. Skrubu hiyo hiyo ya hewa ndiyo sababu huwezi, narudia huwezi, kuweka petroli kwenye stovu ya mafuta ya taa. Mtu anasema "inawaka kirahisi zaidi". Ni kweli. Sasa utaizima vipi? Utafungua skrubu ya hewa, na itakayotoka ni hewa iliyojaa mvuke wa petroli, sentimita chache kutoka kwenye moto. Mvuke wa mafuta ya taa haushiki moto kirahisi mpaka yapate joto la karibu nyuzi 38 na zaidi; petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya barafu.

Stovu za petroli zimeundwa tofauti. Chukua Svea 123, kijitu cha shaba cha nusu kilo hivi. Haina pampu kabisa. Unaweka spiriti kidogo kwenye kishimo juu ya tangi, inalipasha tangi na kichwa pamoja, petroli inajitengenezea msukumo wake. Kwenye kifuniko kuna vali ya usalama. Tangi likipata joto kupita kiasi, vali inafunguka na kurusha mvuke, na mvuke ukikuta moto unapata ulimi wa moto unaokwenda pembeni. Sasa fikiria mtu ameizungushia karatasi ya bati ili upepo usiingie, ameweka na sufuria pana juu. Ameipika stovu yenyewe.

Mimi ninayo, naipenda kuliko akili inavyoruhusu. Inalia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

---

Binti Kandili

Nimeitwa bila kutajwa jina, nimekuja. Mmeongea stovu weee, karabai hamjaigusa.

Kwenye karabai kinachotoa mwanga ni kile kifuko cha nyuzi, si mwali. Alikigundua Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, akapata hataza mwaka 1885. Mchanganyiko uliokuja kushinda ni asilimia 99 thoriamu na 1 seriamu, zote zikiwa oksidi. Ukifunga kifuko kipya ni kitambaa laini kama soksi ya mtoto. Unakichoma mara ya kwanza, kitambaa kinaungua chote na kubaki mifupa ya oksidi. Hapo kinakuwa jivu lenye umbo. Ukikigusa kwa ncha ya kidole kinatoboka, na mende akigonga kioo kinaanguka chote. Mwali wenyewe ni wa bluu, hauna mwanga wa maana. Ni hayo majivu yakipata joto ndiyo yanang'aa meupe.

Thoriamu ina mnururisho kidogo. Kukaa karibu na taa si tatizo, ila usivute vumbi la kifuko kilichovunjika na usikipulize kwa mdomo. Vingi vya sasa vimeacha thoriamu na kutumia itriamu. Hofu yangu kubwa zaidi iko kwenye vipande vya zamani: gasketi za kijivu zenye nyuzi na vibano vya kupashia vya Tilley (karabai za Uingereza) vya zamani vilikuwa na asbesto. Hivyo vilowanishe, vifunge kwenye mfuko, visikwanguliwe.

Karabai ya Petromax ni ya Max Graetz wa Berlin. "Petro" ya jina hilo ni petroliamu, yaani mafuta ya taa, halafu "Max" ni yeye. Kile kikono cha kupashia kilichomo ndani kinapuliza moto kwenye bomba la mvuke badala ya spiriti, kama dakika moja na nusu. Wengi wanakiacha mapema, karabai inaanza kutapika mafuta, kifuko kinakuwa cheusi, wanailaumu taa. Mimi natumia spiriti hata kama kikono kipo. Ni polepole, lakini kioo changu hakina masizi.

---

kiberiti_kimoja

Dada, na ile inayopumua? Yangu inang'aa, inafifia, inang'aa, kama inahema.

---

Binti Kandili

Bomba la mvuke lina kaboni ndani, au sindano imelegea. Mafuta yanafika kwa mikupuo. Toa bomba, lipashe mpaka liwe jekundu kidogo, liache lipoe, kaboni itatoka ikigongwa. Mara mbili tatu bomba linakubali, baadaye nunua jipya.

---

Fundi Lehemu

Jambo moja kabla uzi haujawa mrefu kupita kiasi. Nilipokuwa kijana niliwasha karabai ndani ya hema wakati wa mvua, zipu zote zimefungwa, nikasema napata mwanga na joto pamoja. Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma, nikadhani ni uchovu. Nilipotaka kusimama magoti hayakuwepo. Nilitambaa, nikafungua zipu kwa meno. Ilikuwa monoksidi ya kaboni, haina harufu na huioni. Mwali wa bluu mzuri haumaanishi kwamba haipo. Tangu siku ile moto wangu unakaa nje ya hema, mvua inyeshe isinyeshe.

---

Shaba Tupu

Tumekusikia. Mzee wa Pampu, bado hujanijibu kuhusu kung'arisha.

---

Mzee wa Pampu

Nakujibu. Ng'arisha, lakini baada ya beseni la maji, na kwa mkono, bila mashine. Mashine inakula maandishi. Nina tangi moja ambalo mtu aliling'arisha mpaka jina la mtengenezaji limebaki kivuli. Linang'aa kama sinia la arusi, na halina historia tena. Nyingine nimeiacha nyeusi begani pale ambapo mkono wa mwenye nayo ulikuwa unaishika kila siku. Unaweza kuweka vidole vyako mle mle.

---

mgeni_wa_moto

Wakuu, nimerudi.

Vali nilihangaika nayo siku tatu. Ndani nilikuta koki iliyogeuka jiwe, na chini yake kipande kidogo cha gazeti kilichokunjwa, nadhani babu alikuwa ameongeza unene. Nimeweka mpira mpya. Mkono wa pampu hauondoki tena.

Leo asubuhi nimejaza kibakuli kama mlivyosema, nikakaa mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekatazwa kugusa. Spiriti ikabaki kidogo, nikafunga skrubu, pampu mbili. Ikafanya *puf*, nikaruka, lakini ilikuwa bluu. Bluu! Nikasubiri, nikaongeza. Ikaanza kunguruma mpaka mama akatoka ndani, akasimama mlangoni, hakusema kitu. Baadaye akaniambia huo ndio mlio aliokuwa akiamkia alipokuwa mdogo.

Lita moja ya maji imechemka kwa dakika tano kasoro.

Swali: mama amekwenda stoo ametoka na karabai. Kifuniko cha tangi kimeganda kabisa, hakizunguki. Nitumie koleo?

---

Binti Kandili

Acha koleo! Hakikisha kwanza tangi halina mafuta wala msukumo. Kisha maji ya moto, uyamwage juu ya kifuniko polepole, ushike na kitambaa kikavu. Kikigoma, matone ya mafuta ya kulegezea, halafu kesho. Na kabla ya yote tupigie picha ya maandishi yaliyo kwenye tangi.